Xu Xiake: Msomi aliyeingia mapangoni wenyeji walikoogopa

Wataalamu wa mapango kutoka Uingereza walipoanza kushirikiana na wenzao wa China katika miaka ya 1980 kuchunguza mapango marefu ya kusini mwa nchi hiyo, walibeba kamba, taa na vyombo vya kupimia. Takriban miaka 350 kabla yao, Mchina mmoja alikuwa amezuru maeneo hayo ya mawe ya chokaa kwa miguu, akiwa na mwenge na kalamu tu.

Mtu huyo ni Xu Xiake. Alizaliwa mwaka wa 1587 huko Jiangyin, mashariki mwa China, enzi ya watawala wa Ming. Jina lake halisi lilikuwa Xu Hongzu. Wakati huo kijana wa jamaa ya wasomi alitarajiwa kufanya mitihani ya serikali ili apate cheo, lakini Xu alivutiwa zaidi na vitabu vya milima na mito.

Baba yake alipofariki, Xu alisita kusafiri, kwa kuwa desturi ilimkataza mwana kwenda mbali na mzazi aliye hai. Ni mama yake aliyemwondolea shaka. Alimshonea kofia ya safari na kumhimiza aende, maana hakutaka mwanawe afungiwe nyumbani mithili ya kuku kizimbani. Mama huyo aliaga dunia mwaka wa 1625.

Mnamo 1636, akikaribia umri wa miaka 50, Xu alianza safari yake ndefu kuliko zote, kuelekea kusini magharibi. Aliandamana na mtumishi wake Gu pamoja na Jingwen, mtawa wa dini ya Budha. Mtawa huyo alikuwa amenakili kitabu kitakatifu kwa damu yake mwenyewe, na nia yake ilikuwa kukifikisha katika mlima Jizu, mkoani Yunnan.

Mapema mwaka wa 1637 walifika kwenye pango la Maye, mkoani Hunan. Wenyeji walikubali kutoa mienge lakini wakakataa katakata kuingia, wakiamini kwamba humo mliishi joka na mizimu. Mmoja alikubali kuwa kiongozi, ila alipotambua kuwa mgeni ni msomi tu wala si mganga, alirudi nyuma. Xu na Gu waliingia peke yao, wakitambaa katika njia nyembamba. Walipotoka, umati ulikuwa ukingoja mlangoni, ukistaajabu kwamba hawakuliwa.

Hatari ya kweli haikutoka pangoni. Wiki chache baadaye, majambazi walivamia mashua yao katika mto Xiang. Xu aliruka majini akanusurika, lakini mali yao iliporwa na Jingwen akajeruhiwa. Marafiki walimsihi Xu arudi nyumbani. Alikataa, akakopa fedha na kuendelea.

Huko Guilin aliingia mara mbili katika pango la Qixing, akiandika mpangilio wa vyumba vyake. Alieleza pia kwamba mawe yanayoning'inia mapangoni hutokana na maji yanayodondoka.

Mwaka huohuo Jingwen alifariki mjini Nanning. Xu alibeba mabaki ya rafiki yake pamoja na kile kitabu, akavuka Guizhou hadi Yunnan, na mwanzoni mwa 1639 akamzika katika mlima Jizu alikotamani kufika. Ahadi ilitimizwa. Baadaye Gu alimtoroka akiwa na mali yake, na miguu ya Xu ikaanza kudhoofika. Ilibidi arejeshwe nyumbani mwaka wa 1640 akiwa amebebwa. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 54.

Shajara zake zilichapishwa mwaka wa 1776. Ndani yake mna maelezo ya mamia ya mapango, pamoja na hoja yake kwamba mto Jinsha ndio chanzo cha Yangtze, tofauti na walivyoamini wasomi wa kale.

Tangu 2011, China huadhimisha siku ya utalii kila Mei 19, tarehe inayofungua shajara hizo mwaka wa 1613. Nayo milima ya chokaa ya Guilin iliingizwa mwaka wa 2014 katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Xu hakupata cheo chochote cha serikali maishani mwake, ila alichokiandika kinakumbukwa hadi leo.