Kinjikitile: Mganga aliyewapa watu maji wakapigane na risasi

Kama unafuatilia Naruto au Dragon Ball, unaijua hii: mhusika anakusanya nguvu iliyo ndani yake, inatoka nje kama mpira wa mwanga, adui anaruka huko. Unaangalia kwenye simu, unacheka, unalala.

Sasa hapa hapa Tanzania kuna mtu aliyewafanya maelfu waamini nguvu ya namna hiyo, na wakaingia nayo vitani kweli. Anaitwa Kinjikitile Ngwale.

Alikuwa mganga wa Ngarambe, upande wa kusini mwa Mto Rufiji. Wazee walisimulia kwamba mwaka 1904 alishikwa na roho aitwaye Hongo, akavutwa mpaka ndani ya dimbwi la mto na kupotelea humo. Ndugu zake walimtafuta wakamkosa. Kesho yake akaibuka, nguo zake kavu kabisa.

Kuanzia hapo akawa na dawa: maji yaliyochanganywa na vitu kama mafuta ya mbarika na mtama. Ukinywa au ukinyunyiziwa, risasi ya Mjerumani ikikufikia inageuka maji.

Kwa nini watu walimwamini? Kwanza, walikuwa wamechoka. Serikali ya Kijerumani iliwalazimisha kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja chini ya maakida, malipo ni kiduchu, na asiyetii anachapwa viboko. Pili, dawa ya Kinjikitile haikuwa ya ukoo mmoja. Watu wa makabila tofauti walimiminika Ngarambe, wakarudi kwao na ujumbe mmoja: sisi ni wamoja. Habari ilisambaa kwa kunong'onezana, kijiji kwa kijiji.

Kinjikitile aliwaambia wasubiri amri yake. Hawakusubiri. Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba shambani, na vita ya Majimaji ikaanza.

Wajerumani walimkamata mapema. Agosti 4, 1905 walimnyonga Mohoro. Lakini vita haikufa naye, ikasambaa kusini yote na kugusa hadi Kilosa, hiyo hiyo ambayo ukitoka hapa Mtumba kwenda Dar kwa SGR unaipita.

Siku 26 baada ya kunyongwa kwake, Agosti 30, maelfu ya wapiganaji walilivamia boma la Mahenge wakiwa na imani ya maji. Walikutana na bunduki za rashasha. Mamia walilala pale pale.

Mbaya zaidi ilikuja baadaye. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000.

Kwa hiyo tumweke wapi Kinjikitile? Ukimwita shujaa, kuna familia zilizofutika kwa sababu ya ahadi yake. Ukimwita tapeli, unasahau kwamba kabla ya maji yale, makabila kama 20 hayakuwahi kusimama upande mmoja dhidi ya mkoloni. Risasi hazikugeuka maji hata moja. Umoja, ule ulikuwepo kweli, na Wajerumani walihitaji karibu miaka miwili kuuvunja.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alilichukua swali hilo kwenye tamthiliya yake, Kinjeketile, ambayo wengi tumeisikia shuleni. Humo mganga mwenyewe anaanza kuyatilia shaka maji yake, lakini wafuasi wameshaamini na hawarudi nyuma. Mwishoni anateswa ili atamke kwamba maji ni uongo. Anagoma. Anajua akilitamka neno hilo, watoto wao wataambiwa kwamba walikosea kupigana.