James Clerk Maxwell (1831–1879): Mtu Aliyeunganisha Umeme, Sumaku na Mwanga

Ukifika Usagara, pale barabara ya kutoka Mwanza mjini inapogawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine Kigongo na Busisi, tazama juu. Transfoma iliyo kwenye nguzo ya umeme inafanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Mnara wa simu unafanya kazi kwa mawimbi yaliyotabiriwa na mtu aliyezaliwa mwaka huohuo, James Clerk Maxwell. Vyote viwili vimo katika silabasi yako. Wapo watahiniwa wanaoikariri mada ya usumakuumeme usiku wa kuamkia mtihani, na wapo wanaoiruka kabisa. Kabla hujawa mmoja wao, soma jinsi Maxwell mwenyewe alivyojifunza mada hiyo.

Utoto na shule

Maxwell alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 13 Juni 1831, akakulia shambani kwa wazazi wake, mahali paitwapo Glenlair. Mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma, lakini alifariki James akiwa na miaka 8. Alipofika miaka 10 alipelekwa shule mjini Edinburgh. Wenzake walimcheka kwa mavazi yake ya kushonewa nyumbani na lafudhi yake ya shamba, wakampachika jina la utani lenye maana ya zuzu. Miaka ya mwanzo hakung'ara darasani. Hata hivyo, akiwa na miaka 14 aliandika makala kuhusu namna ya kuchora maumbo ya yai kwa kutumia pini na uzi. Mwaka 1846 makala hiyo ilisomwa mbele ya wanazuoni wa Edinburgh, na aliyeisoma alikuwa profesa, kwa kuwa mwandishi wake alionekana mdogo mno kusimama mbele yao.

Chuo kikuu

Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1847, kisha akahamia Cambridge mwaka 1850. Mtihani wa hisabati wa Cambridge ulikuwa mgumu kupita kiasi, na mwaka 1854 Maxwell alishika nafasi ya pili. Baada ya hapo aliamua kujifunza umeme.

Hapa ndipo pa kuzingatia. Maxwell alikuwa hodari wa hisabati, na ingekuwa rahisi kwake kuanza na vitabu vilivyojaa milinganyo. Hakufanya hivyo. Aliazimia kutosoma hisabati yoyote ya umeme mpaka awe amemaliza kusoma majaribio ya Faraday. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi aliyejifunza ufundi wa kujalidi vitabu, na hisabati ya juu hakuijua. Kazi zake alizieleza kwa maneno na michoro. Aliwaza mistari ya nguvu inayotoka kwenye sumaku na kuenea angani, ile ambayo wewe huiona ukinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi iliyofunika sumaku. Wataalamu wengi wa hisabati wa wakati huo hawakuitilia maanani. Maxwell aliichukua kwa uzito, na kati ya 1855 na 1856 alitoa makala iliyoiweka mistari hiyo katika lugha ya hisabati.

Mwaka 1857 Faraday, sasa mzee, alimwandikia Maxwell barua. Alimwomba kwamba wanahisabati wakishapata majibu yao, wayaeleze pia kwa lugha ya kawaida ili watu wa majaribio waweze kuyatumia.

Kazi kubwa

Mambo hayakumnyookea. Mwaka 1860 chuo alichofundisha huko Aberdeen kiliunganishwa na kingine, naye akapoteza kazi. Aliomba nafasi Edinburgh akaikosa. Ndipo akapata kazi King's College, London, na hapo alifanya kazi iliyomletea sifa isiyofutika.

Aliyoyakamilisha yanaweza kusemwa kwa sentensi nne:

1. Chaji ya umeme huzungukwa na uga wa umeme.
2. Hakuna ncha ya sumaku iliyo peke yake. Ukiikata sumaku katikati unapata sumaku mbili, kila moja na ncha zake mbili.
3. Uga wa sumaku unaobadilika huzalisha uga wa umeme. Hii ndiyo kanuni ya Faraday.
4. Mkondo wa umeme huzalisha uga wa sumaku. Na uga wa umeme unaobadilika huzalisha uga wa sumaku vilevile.

Ya kwanza umeisoma katika umemetuli, ya pili katika sumaku, ya tatu katika jenereta na transfoma. Nusu ya mwanzo ya sentensi ya nne umeiona pale dira inapogeuka karibu na waya wenye mkondo. Sehemu ngeni kwako ni nusu ya mwisho, nayo ndiyo aliyoiongeza Maxwell. Fikiria kapasita inayochajiwa. Kati ya sahani zake hakuna waya, lakini uga wa umeme hapo unaongezeka. Maxwell alisema ongezeko hilo nalo huzalisha uga wa sumaku, kama mkondo ufanyavyo.

Sasa unganisha ya tatu na ya nne. Uga wa sumaku ukibadilika huzaa uga wa umeme. Huo nao ukibadilika huzaa uga wa sumaku. Na mwendo huo husonga mbele hata mahali pasipo na waya wala hewa. Hilo ni wimbi. Kwa kutumia vipimo vya umeme vilivyofanywa maabara, Maxwell alikokotoa kasi yake akapata takribani kilomita 311,000 kwa sekunde. Kasi ya mwanga iliyopimwa wakati huo ilikuwa takribani kilomita 315,000 kwa sekunde. Namba hizo zilikaribiana mno kuwa bahati tu. Akahitimisha kuwa mwanga wenyewe ni wimbi la sumakuumeme. Makala yake kamili, yenye milinganyo 20, ilichapishwa mwaka 1865.

Mwisho wa maisha

Mwaka 1871 aliteuliwa kuwa profesa Cambridge, akasimamia ujenzi wa maabara ya Cavendish. Kitabu chake kikubwa cha umeme na sumaku kilitoka mwaka 1873. Alifariki kwa saratani tarehe 5 Novemba 1879, akiwa na miaka 48. Mawimbi aliyoyatabiri hayakuwa yamethibitishwa bado. Heinrich Hertz aliyathibitisha huko Ujerumani kati ya 1887 na 1888. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyejisomea mwenyewe, ndiye aliyeipunguza milinganyo hiyo hadi 4 inayofundishwa leo.

Inakuhusu vipi?

Ukiendelea na fizikia mpaka shahada ya kwanza, utakutana na somo la elektrodinamiki. Milinganyo hiyo 4 huandikwa kwa alama za kalkulasi ya vekta, na mwanafunzi asiyejua zinasimulia nini huziona kama maandishi ya kigeni. Lakini mambo yenyewe ni yaleyale unayoyasoma sasa kidato cha nne. Anayeelewa leo kwa nini dira inageuka, huko mbele ataongeza hisabati juu ya jambo analolijua. Aliyekariri tu atalazimika kujifunza vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo fuata njia ya Maxwell. Chora mistari ya nguvu kwanza, jiulize ni kitu gani kinabadilika, halafu ndipo uandike kanuni. Njia hii inajibu hata swali la mtego: kwa nini transfoma haifanyi kazi kwa betri? Mkondo wa betri ukishatulia haubadiliki, hivyo uga wa sumaku haubadiliki, na koili ya pili haipati kitu.

Jipime

1. Taja jambo moja ambalo Maxwell aliliongeza katika elimu ya umeme na sumaku.
2. Kwa nini alisoma majaribio ya Faraday kabla ya hisabati?
3. Redio inarusha matangazo kwa masafa ya megahezi 100. Ukichukua kasi ya mwanga kuwa kilomita 300,000 kwa sekunde, tafuta urefu wa wimbi. (Jibu: mita 3)
4. Sumaku imetulia ndani ya koili iliyounganishwa na galvanomita. Mshale utasogea? Eleza kwa kutumia sentensi ya tatu hapo juu.