Sheikh Ramiya na Maana ya Kutumika

Barabara itokayo Kinondoni kuelekea kaskazini huitwa Barabara ya Bagamoyo. Wengi wetu huipita kila siku, tukienda Mwenge, Tegeta au Bunju, bila kumkumbuka mtu aliyeufanya mji ulioipa jina kuwa kituo kikubwa cha ibada. Leo tunapenda kumtaja. Ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya.

Alitoka mbali, katika nchi za Kongo ya mashariki, akaletwa pwani angali mtoto, naye akiwa mtumwa. Bagamoyo aliingia katika nyumba ya Liwali Amir bin Suleiman al-Lamki. Baadaye alijitafutia riziki kwa biashara ndogondogo, hata akamiliki mashamba ya minazi, na wakati huohuo akajibidiisha katika elimu ya dini. Angeweza kuridhika na hapo. Mtu aliyetumikishwa tangu utotoni ana haki ya kukataa kutumwa tena na yeyote.

Yeye alifanya kinyume. Alijiunga na tarika ya Qadiriyya, inayonasibishwa na Sheikh Abdul-Qadir Jilani wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1166. Ndugu zetu wa Unguja wanaifahamu vyema, kwani kwao ilienezwa na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa. Katika njia hiyo muridi huisalimisha nafsi yake kwa Mola, akayaweka kando majivuno ya mali na nasaba. Watu husimama bega kwa bega katika duara ya dhikri, na duara haina mbele wala nyuma. Sheikh Ramiya akapewa ukhalifa, akafungua madrasa, na watu wengi wakawa wanafunga safari kumzuru.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kabla ya sheria hiyo, watu walikwisha kukaa chini mbele ya mtu aliyeletwa mtumwa, wakijifunza kwake.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba utumwa ndio uliomfunza unyenyekevu. Utumwa ulikuwa dhuluma, wala haustahili shukrani. Tunachosema ni kwamba kujisalimisha si kuvunjika. Aliyevunjwa hutii kwa hofu. Aliyejisalimisha hutoa kile ambacho angeweza kukizuia. Lugha yetu imelijua jambo hili: mtumwa na mtumishi wametoka katika shina moja, na kinachowatenganisha ni hiari.

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alishika nafasi yake, na baadaye akaiunga mkono TANU katika kudai uhuru. Hivyo kazi iliyoanzia madrasani haikuishia madrasani.

Wako miongoni mwetu, Temeke na Kinondoni, Unguja na Mafia, wanaoitwa watumishi wa umma. Jina hilo ni zito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Bibi kizee aliyefika ofisini alfajiri, akaambiwa arudi kesho bila sababu, hajakutana na mtumishi. Amekutana na bwana. Sheikh Ramiya alikuwa na kila kisingizio cha kujifanya bwana alipopata nafasi, naye hakukitumia. Sisi tusiopata kuonja utumwa tuna kisingizio gani? Mwenyezi Mungu amrehemu.