Kasisi Hole: Mfalme wa mawaridi aliyefunzwa na mafundi wa viwandani

Ukitaja waridi hapa Kenya, akili za wengi hukimbilia mashamba ya Naivasha au ile presha ya Februari 14. Wachache wanajua kuna watu hukusanya mawaridi jinsi wengine wanavyokusanya stempu au viatu vya raba. Wanasaka aina adimu, wanazilea kwa miaka, kisha wanakutana kushindana nani ana ua bora.

Mmoja wa waliousukuma sana ushabiki huu kule Uingereza hakuwa mkulima wala mfanyabiashara. Alikuwa kasisi wa kijijini, jina lake Samuel Reynolds Hole.

Hole alizaliwa Desemba 1819 katika familia iliyojiweza. Baba yake alikuwa na jumba na ardhi katika kijiji cha Caunton, karibu na mji wa Newark. Alisomea Oxford, na mwaka wa 1844 akaanza kulitumikia kanisa la kwao. Alikuwa jamaa mrefu, mcheshi, mpenda farasi na uwindaji. Maua? Hayakuwa mambo yake.

Mpaka jioni moja akitembea bustanini, waridi moja likamteka macho. Basi, kwisha! Mti mmoja ukazaa hamu ya kumi, na kumi ikageuka mamia.

Wakati huo maonyesho ya maua yalikuwepo, ila waridi halikuwa na siku yake. Hole aliona hiyo si haki. Akawaandikia barua wakuzaji wakubwa wa miche, akaomba michango, akanunua vikombe vya fedha vya washindi, na hata bendi ya jeshi akakodi. Julai 1, 1858, maonyesho ya kwanza ya kitaifa ya mawaridi yakafunguliwa katika ukumbi wa St James's Hall, London. Watu walifurika. Kosa pekee lilikuwa bendi: ilipiga kwa kishindo hadi Hole mwenyewe akakiri baadaye kwamba ilizidi kipimo kwa muziki wa ndani ya ukumbi.

Lakini kisa kilichombadilisha hakikutokea London.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa Machi, alipokea barua kutoka kwa fundi mmoja wa Nottingham. Eti wafanyakazi wa huko walikuwa na maonyesho ya mawaridi Jumatatu ya Pasaka, na walimwomba awe mwamuzi. Hole akacheka. Waridi Uingereza huchanua kuanzia Juni, na huo ulikuwa msimu wa baridi kali. Isitoshe, Siku ya Wajinga ilikuwa inabisha hodi. Akaona anachezewa shere.

Hata hivyo aliuliza, akaambiwa si utani. Akapanda treni, akaenda.

Alichokikuta katika chumba cha baa moja mjini kilimwacha mdomo wazi. Mawaridi yalikuwa yamepangwa ndani ya chupa, freshi na makubwa, ya kushindana na yoyote aliyowahi kuona kwa matajiri. Wenyewe walikuwa watu wa mshahara mdogo, waliokodi vijiploti pembezoni mwa mji na kujenga humo vibanda vidogo vya vioo kuyakinga mawaridi na baridi.

Hole akauliza gharama. Mmoja akamweleza kwamba pesa ya kununua aina mpya aliipata kwa kukaa mbali na baa. Akasikia pia habari ya fundi aliyetoa blanketi kitandani kwake usiku wa baridi kali akaenda kufunika mawaridi. Mkewe naye? Hebu jiweke katika nafasi yake.

Yeye alikuwa na ardhi ya baba na watu wa kumfanyia kazi. Wale walitoka kiwandani wamechoka, wakaingia bustanini. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kinachootesha waridi si ukubwa wa mfuko. Kisa hicho akakiweka katika kitabu chake, *A Book About Roses*, kilichotoka 1869 na kuchapishwa mara nyingi. Humo aliwafundisha watu udongo, samadi na upogoaji kwa lugha ya kuchekesha.

Mwaka wa 1876 wapenzi wa waridi waliunda National Rose Society, na Hole akawa rais wake wa kwanza. Usidhani chama kama hicho ni cha kunywa chai tu. Ukipanda mbegu ya waridi, mche unaoota haufanani na mama yake. Ili upate waridi lile lile, lazima uchukue kipande cha tawi lake ukipande, au kijicho chake ukipandikize kwenye shina lingine. Maana yake ni kwamba aina isiyo na mtu wa kuitunza hutoweka, hairudi tena. Wakusanyaji wanaopeana vijicho ndio huziokoa.

Mwaka wa 1887 Hole aliiacha Caunton na bustani yake, akaenda kuongoza kanisa kuu la Rochester. Mwaka wa 1894, akiwa na miaka 74, alizunguka Marekani akitoa mihadhara ili kuchangisha pesa za kulikarabati kanisa hilo. Alifariki Agosti 1904, bado akiwa rais wa chama. Mwaka huo huo wakuzaji wa Ireland walitoa waridi la rangi ya pinki lenye jina lake, Dean Hole.

Nottingham nako, bustani za kukodi za enzi hizo zingalipo kwenye mteremko wa St Ann's, zimetenganishwa kwa nyua za miti. Watu wa mjini bado huenda huko jioni, wakitoka kazini, kushika jembe.