J.L.B. Smith

James Leonard Brierley Smith (26 Septemba 1897 – Januari 1968), aliyejulikana zaidi kama J.L.B. Smith, alikuwa mwanakemia na mtaalamu wa samaki kutoka Afrika Kusini. Anakumbukwa hasa kwa kumtambulisha kwa sayansi silikanti, samaki wa mapango ya chini ya bahari aliyedhaniwa kutoweka tangu zama za dinosauri.

Maisha ya awali

Smith alizaliwa Graaff-Reinet. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumika katika kampeni ya Afrika Mashariki chini ya Jenerali Jan Smuts, ambaye majeshi yake yaliingia Morogoro mwezi Agosti 1916 na kuwafuata Wajerumani hadi milima ya Uluguru. Smith mwenyewe aliugua na kulazwa katika hospitali ya kijeshi nchini Kenya. Afya yake haikurudi kuwa imara tena.

Baada ya vita alisoma kemia na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kisha alifundisha kemia katika Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown (leo Makhanda). Elimu ya samaki aliifuata mwanzoni kwa mapenzi tu. Mwaka 1938 alimwoa Margaret Macdonald, aliyekuwa mshirika wake katika safari, uandishi na uchoraji wa samaki.

Silikanti wa kwanza

Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London aliona samaki wa ajabu kati ya wale waliovuliwa karibu na mdomo wa mto Chalumna. Alimwandikia Smith barua yenye mchoro. Smith alipomwona samaki huyo mwezi Februari 1939, matumbo yalikuwa yameshatupwa. Alimpa jina la *Latimeria chalumnae* kwa heshima ya Courtenay-Latimer na mto huo.

Kwa kuwa viungo vya ndani vilipotea, Smith alihitaji samaki wa pili, na alimtafuta kwa miaka 14.

Safari za pwani ya Afrika Mashariki

Smith na mkewe walisafiri kwa vyombo vya bahari kwenye pwani ya Msumbiji, Zanzibar, Pemba na Kenya. Walikusanya samaki wa miambani na kugawa vipeperushi vyenye picha ya silikanti, vilivyoahidi zawadi ya pauni 100. Katika ukusanyaji huo Smith alitumia pia baruti. Leo uvuvi wa baruti ni kosa kisheria nchini Tanzania, kwa kuwa huvunja matumbawe na kuua viumbe wengi.

Mwaka 1952, huko Zanzibar, walikutana na nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro kwa jahazi lake. Hunt alipeleka vipeperushi Komoro. Mwezi Desemba mwaka huohuo mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua silikanti kwenye kisiwa cha Anjouan. Samaki alibebwa kuvuka milima ya kisiwa hadi Mutsamudu, alikokuwa Hunt. Waziri mkuu D.F. Malan alimpa Smith ndege ya kijeshi, naye akawasili Mayotte tarehe 29 Desemba.

Smith alidhani huyu ni spishi nyingine, akamwita *Malania anjouanae*. Baadaye ilithibitika kuwa ni spishi ileile ya kwanza. Pia ilijulikana kuwa wavuvi wa Komoro walimfahamu samaki huyo tangu zamani kwa jina la gombessa.

Makazi ya silikanti

Smith hakuwahi kumwona silikanti akiwa hai baharini. Mtu anayeogelea juu ya maji kwa miwani na mrija wa kupumulia hawezi kumfikia, kwa kuwa kwa kawaida samaki huyu hukaa zaidi ya mita 100 chini. Mwaka 1987 Hans Fricke wa Ujerumani, akitumia nyambizi ndogo, alimwona akiogelea Komoro. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa mchana silikanti hujikusanya katika mapango ya miamba ya volkeno, na usiku hutoka kuwinda.

Kuanzia mwaka 2003 silikanti wengi walinaswa katika nyavu za jarife nchini Tanzania, hasa mkoani Tanga. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa huko mwaka 2009.

Maandishi na kifo

Kitabu chake kikubwa kuhusu samaki wa bahari za kusini mwa Afrika kilitolewa mwaka 1949, na *Old Fourlegs*, kinachosimulia utafutaji wa silikanti, mwaka 1956. Smith alijiua mjini Grahamstown mwaka 1968 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Margaret aliongoza taasisi ya utafiti wa samaki iliyopewa jina la mumewe, ambayo leo inaitwa Taasisi ya Afrika Kusini ya Bioanuwai ya Majini.