Fischer na mfalme aliyetatiza kompyuta

BOBBY Fischer, Mmarekani aliyezaliwa Chicago mnamo 1943, alitwaa ubingwa wa dunia wa sataranji mwaka wa 1972 kwa kumshinda Boris Spassky wa Muungano wa Kisovieti mjini Reykjavik. Mnamo 1975 alipoteza taji bila kusogeza hata kete moja.

Alichukia kuona wachezaji wakikariri hatua za mwanzo badala ya kufikiri. Hivyo, Juni 1996, akiwa Buenos Aires, alitangaza mchezo ambao kete za safu ya nyuma hupangwa kwa bahati nasibu, kwa njia 960. Mfalme sharti awe kati ya ngome mbili. Anapojikinga kwa kuhama pamoja na ngome mojawapo, wote huishia katika miraba ile ile ya sataranji ya kawaida.

Hapo programu za kompyuta zikatatizika. Zilizoea kuitambua hatua hiyo mfalme anaposogea miraba miwili. Sasa huenda akasogea mmoja tu, au asisogee kabisa. Dawa iliyopatikana ni ya ajabu: huandikwa kana kwamba mfalme anaila ngome yake mwenyewe. Kwa kuwa hakuna kete inayoruhusiwa kula mwenzake, kompyuta haiwezi kuchanganyikiwa.

Fischer alipewa uraia wa Iceland mnamo 2005, akafariki Reykjavik Januari 17, 2008, akiwa na umri wa miaka 64.