Coriolis, profesa mgonjwa aliyehesabu njia ya mpira wa biyari

Kila mchezaji wa biyari anajua shida hii: kugonga mpira wa pili si kazi kubwa, kazi ni kujua mpira mweupe utaelekea wapi baada ya kugongana. Mwaka wa 1835, huko Paris, profesa mwenye afya dhaifu alitoa kitabu kizima cha hesabu juu ya jambo hilo. Jina lake Gaspard-Gustave de Coriolis.

Alizaliwa Paris tarehe 21 Mei 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Baba yake, afisa wa jeshi aliyekuwa upande wa mfalme, alikimbilia Nancy, mashariki mwa inchi, na huko ndiko mtoto alikulia. Mwaka wa 1808 aliingia École polytechnique, kisha akasomea uhandisi wa barabara na madaraja. Baba alipofariki, familia ilibaki mikononi mwake, naye mwenyewe alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara. Mwaka wa 1816 akakubali kazi ya mwalimu msaidizi Polytechnique. Katika kitabu chake cha 1829 juu ya mashine, alilipa neno kazi maana ambayo wanafunzi wa fizikia wanaijua mpaka leo.

Miaka hiyo biyari yenyewe ilikuwa imebadilika. Mfaransa François Mingaud alikuwa ameeneza desturi ya kubandika kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo. Ncha ya mti mtupu iliteleza, ngozi ilishika. Sasa mtu aliweza kupiga mpira pembeni, juu au chini, nao ukaenda ukizunguka namna ya ajabu. Watazamaji waliona kama uchawi, Coriolis akaona hesabu.

Mpira mweupe ukifika ukiteleza tu, bila kuzunguka, ukagonga mwenzake kwa upande, mipira hiyo inaachana kwa pembe ya nyuzi karibu 90. Lakini mara nyingi unafika ukibingirika. Kugongana kunauondolea mwendo, ila mzunguko unabaki karibu wote, na mzunguko huo unauvuta tena mbele juu ya kitambaa. Coriolis alionyesha kwamba kwa muda huo mpira unapinda, njia yake ikifanana na ya jiwe lililotupwa hewani. Kuteleza kukiisha, unashika mstari ulionyooka. Na hapa wachezaji wengi wangebisha: mwelekeo huo wa mwisho hautegemei kama kitambaa ni kipya au kimechakaa. Kitambaa kinabadilisha tu urefu wa kile kipindi cha kupinda. Tena, ukipiga mpira kwa fimbo iliyolala, kwenye saba ya kumi ya kimo chake kutoka mezani, unabingirika papo hapo bila kuteleza.

Mwaka uleule wa 1835 alitoa andiko juu ya mwendo ndani ya vitu vinavyozunguka. Kutoka hapo ndipo ilikuja ile nguvu ya Coriolis, inayopindisha pepo na mikondo ya bahari. Mwaka wa 1836 aliingia Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na mwaka wa 1838 akawa mkurugenzi wa masomo wa Polytechnique. Afya haikumwachia muda mrefu: alifariki tarehe 19 Septemba 1843, akiwa na miaka 51.

Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel, kati ya majina 72 ya wataalamu. Kitabu cha biyari kilingoja mpaka mwaka wa 2005 kutafsiriwa kwa Kiingereza.